Ritifaa ya Kiingereza: Mwenye Mali ni Nani?

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuna kialama kidogo kinachowasumbua wengi wanaoandika Kiingereza: ritifaa, yaani apostrophe ('), ile inayoonyesha kitu ni cha nani. Kaka Baraka, wewe unafundisha Kiingereza sekondari. Watu wanakosea wapi hasa?

BARAKA: Kwenye wingi, dada. Mtu akiona neno linaishia na s, anatia ritifaa. Saluni imeandikwa Haircut's, genge limeandikwa Tomato's. Pale hakuna mwenye mali, ni nyanya nyingi tu: tomatoes. Sisi wingi wetu tunauweka mwanzoni, mtu na watu. Wenzetu s hiyohiyo inabeba wingi na inabeba umiliki, ndiyo maana inatuchanganya.

REHEMA: Na Waingereza wenyewe je?

BARAKA: Hivyohivyo! Kule kosa hili wamelipa jina la ritifaa ya muuza mboga, kwa sababu ya vibao vya sokoni. Mwaka 2001 mwandishi wa habari mstaafu, John Richards, alianzisha chama cha kuilinda ritifaa. Mwaka 2019, akiwa na miaka 96, akatangaza kukifunga. Akasema ujinga na uvivu vimeshinda. Mimi sikubaliani naye, jambo hili linafundishika.

REHEMA: Haya, tufundishe.

BARAKA: Anza na Kiswahili. Jiulize: ya nani? Mwandike mwenye mali mpaka jina lake limalizike, ndipo utie ritifaa. Chukua Mei Mosi, Siku ya Wafanyakazi. Wenye siku ni workers. S ya wingi ipo tayari, basi ritifaa inakuja nyuma yake: Workers' Day.

REHEMA: Na Machi 8? Maana nimeona mabango yameandikwa Womens' Day.

BARAKA: Wenye siku ni nani?

REHEMA: Wanawake. Women.

BARAKA: Umeshalimaliza neno. Womens haipo kabisa katika Kiingereza. Andika women, tia ritifaa, kisha s: Women's Day. Children's na men's ni vilevile.

REHEMA: Sasa nisaidie Siku ya Mama. Mama wako wengi duniani, lakini naona Mother's, mama mmoja.

BARAKA: Hapo ndipo ninapopapenda! Anna Jarvis, Mmarekani aliyeipigania siku hiyo mpaka Rais Woodrow Wilson akaitangaza rasmi mwaka 1914, alisisitiza ritifaa ikae kabla ya s. Alitaka kila familia imuenzi mama yake, si kina mama wote kwa jumla. Ukiisogeza ritifaa, unabadilisha alichokikusudia.

REHEMA: Kumbe! Sasa its na it's. Simu yangu inanibadilishia bila hata kuniuliza.

BARAKA: Usiiachie simu. Katika it's kuna herufi imedondoshwa: ni it is au it has. Washairi wetu nao hufanya hivyo, wanaandika n'nakwenda. Kwa hiyo isome sentensi kwa kirefu. Ukiandika "the school and its teachers", jaribu kusema "the school and it is teachers". Imekataa, sivyo? Basi ritifaa haina kazi pale. Its ni ndugu wa his na hers, na hao hawana ritifaa.

REHEMA: Kuna msikilizaji anauliza jina kama James.

BARAKA: James's ni sahihi, na wapo wanaoandika James'. Chagua moja, barua nzima iwe hivyo. Asiandike Jame's tu, kwa sababu jina la mtu linakuwa limekatwa.

REHEMA: Na vijana wanaoiandikia Bodi ya Mikopo kwa Kiingereza?

BARAKA: Mikopo ya nani? Ya wanafunzi, wengi. Students, halafu ritifaa, halafu Loans Board. Waangalie jina rasmi la Bodi, limeandikwa hivyohivyo.