Wanafunzi wa Kwanza wa Misheni ya Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo! Mapadri, masista, walimu, wazee wetu, shikamooni.

Habari za shule ya misheni Bagamoyo huanzia kwa Padri Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliovuka kutoka Unguja mwaka 1868. Leo naomba tuanze na watoto. Wanafunzi wale wa kwanza hawakupelekwa shule na baba wala mama. Walikamatwa bara, wakaswagwa hadi pwani, na wengi wao wakakombolewa kwa fedha katika soko la watumwa Unguja.

Fedha hizo ziliingia mifukoni mwa wauza watu, na hilo tusilifunike. Wala mtoto aliyekombolewa hakuwa huru kwenda atakako. Alibaki chini ya misheni. Lakini angerudi kwa nani? Mimi naona mapadri walitenda jema lenye doa, na watoto wakachangia gharama yake kwa jasho lao. Walisoma, wakaandika, wakajifunza katekisimu. Kisha shambani, au kwenye useremala na uhunzi.

Wasichana walilelewa na masista, Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1849, utumwa ukiwa umefutwa kisiwani mwaka mmoja tu kabla, na lilipokea hata wanawake waliowahi kuwa watumwa. Hebu fikirini, ndugu zangu: binti ametoka sokoni juzi, na katika shirika la walezi wake wamo waliowahi kumilikiwa kama yeye! Sijui kwa nini jambo zito namna hii hatulisemi kwenye jubilei zetu.

Tufani ya Aprili 1872 ilibomoa sehemu kubwa ya misheni. Ikajengwa upya. Vijana walipokua walioana, wakapewa mahali pa kuishi na kulima katika kijiji cha Wakristo. Mwaka 1877 familia kutoka huko zilipanda na mapadri hadi Mhonda, milima ya Nguru, kuanzisha misheni mpya. Tunasema Mhonda ilianzishwa na mapadri. Ilianzishwa pia na wanafunzi hawa, waume kwa wake, na ningependa siku ya kumbukumbu watajwe madhabahuni pamoja nao.

Wazee mliosimuliwa na bibi na babu habari za kijiji kile, msiondoke kabla hatujaandika majina yao.