Mkasi Ndani ya Uvimbe

Asanteni sana. Nimeombwa nisiwachoshe na picha za ukutani, kwa hiyo nitazungumza tu, kuhusu vimeng'enya vinavyokata protini na jinsi saratani inavyovitumia. Nitaanza na mkia wa kiluwiluwi.

Kiluwiluwi akigeuka chura, mkia haudondoki. Unayeyuka. Mwaka 1962 Jerome Gross na Charles Lapière, wakiwa Marekani, walionyesha kinachoumaliza: kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, ambacho kama mkasi hukata kolajeni, ile protini ngumu inayoshikilia ngozi, mifupa na kano zetu. Baadaye ukajulikana ukoo mzima wa mikasi hiyo, unaoitwa metaloprotiazi. Binadamu tunayo zaidi ya 20, na kazi zake ni halali kabisa: kuponya vidonda, kufanya mifupa ijengeke upya, kuisaidia mimba ijishike.

Saratani haikutengeneza mkasi wake. Imeuazima huu huu wa kwetu, na hapo ndipo ugumu wa matibabu ulipo.

Seli ya saratani ya titi, ili itoke ilipozaliwa, lazima ipenye utando mwembamba uliofumwa kwa kolajeni ya aina ya nne. Mwaka 1980 Lance Liotta na wenzake waliona kwamba, katika vimbe za panya, seli zilizosambaa zaidi mwilini ndizo zilizokuwa hodari zaidi wa kuikata kolajeni hiyo. Tena ukataji huo hufungulia vichocheo vya ukuaji vilivyokuwa vimenaswa ndani ya tishu, na uvimbe ukajiotea mishipa mipya ya damu.

Najua mnachofikiri: basi tuzuie mkasi. Ndivyo walivyofikiri watengenezaji wa dawa miaka ya 1990. Marimastat, iliyotoka Uingereza, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho na wengineo. Matokeo yakasikitisha, na wengi wakaumwa viungo na misuli. Tanomastat, dawa nyingine ya aina hiyo, ndiyo ilishtua zaidi. Mwaka 1999 majaribio yake yalisitishwa baada ya kuonekana kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu ya seli ndogo waliopewa dawa walizidiwa kuliko waliopewa vidonge visivyo na kitu.

Kwa nini? Wagonjwa wengi walikuwa wameshafika hatua za mwisho, seli zimeshavuka zamani. Lakini kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2003 panya walioondolewa metaloprotiazi namba 8 walipata uvimbe wa ngozi kwa wingi, hasa madume. Kimeng'enya hicho kilikuwa kinawalinda, na dawa zile zilizuia adui na mlinzi kwa pamoja.

Sasa, mkasi na dawa kugoma kufanya kazi. Baadhi ya saratani za titi huwa na kipokezi, yaani protini inayopokea ishara za kukua, kiitwacho HER2 kwa wingi kupita kiasi juu ya seli. Trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni kingamwili, protini kama zile za kinga ya mwili, inayokishika kipokezi hicho kwa nje. Kuna kimeng'enya, ADAM10, kinachoweza kukata sehemu hiyo ya nje. Kipande kinachobaki kinaendelea kuiamuru seli ijigawe, na dawa haina pa kushika. Utafiti mmoja wa 2007 uliwaangalia wagonjwa 46: kati ya 9 waliokuwa na kipokezi kilichokatika, mmoja tu alipata nafuu kwa trastuzumab, kati ya 37 wenye kipokezi kizima, 19. Ni watu wachache, siwezi kuapa kwa namba hizo. Ila lapatinib, dawa nyingine inayofanya kazi ndani ya seli, haihitaji ile sehemu ya nje.

Katika panya pia, kathepsini, mikasi mingine ya protini, kutoka kwenye seli za kinga zilizoingia ndani ya uvimbe zimeonekana kuzikinga seli za saratani dhidi ya paclitaxel, dawa ya saratani.

Mkasi uliozuilika kwa mafanikio ni mwingine kabisa: proteasomu, mtambo wa kukatakata protini chakavu ndani ya seli. Bortezomib inaukwamisha, na tangu 2003 inatibu mailoma, saratani ya uboho, ambayo seli zake hutengeneza protini nyingi mno hadi taka zinazisonga. Nako ukinzani umeanza: seli nyingine hubadilisha pale dawa inapojishikiza.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu papai. Kweli, papaini, kimeng'enya cha papai, inakata protini, ndiyo maana nyama ya mishkaki hulainika. Lakini papaini yenyewe ni protini. Ukiila, tumbo huanza kuimeng'enya kama chakula kingine, na hakuna ushahidi kwamba inaufikia uvimbe na kuuponya. Papai kula, mama, ila kliniki usiache. Na yule kijana nyuma alikuwa amenyoosha mkono?