Mpaka Uliohamishwa: Ufini na Jirani Yake Mkubwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi hii ya kuzungumza nanyi juu ya namna nchi ndogo inavyoishi kando ya dola ambalo jeshi lake haiwezi kulishinda. Ningeweza kuwazungusha dunia nzima nikitaja mifano, lakini nimeona ni heri nichimbe kisima kimoja hadi kwenye maji. Kisima hicho ni mpaka wa Ufini na Urusi, wenye urefu wa takriban kilomita 1,340, na hoja yangu juu yake ni moja: kila mara dola lile lilipojaribu kujiongezea usalama kwa kukata katika usalama wa jirani yake, lilivuna kile kile lililokuwa likikiogopa.

Tuanze na umbali. Mwaka 1939, kwenye shingo ya nchi ya Karelia, mpaka ulikuwa kiasi cha kilomita 32 tu kutoka Leningrad, mji wa pili kwa ukubwa katika Umoja wa Kisovieti, dola la wakati ule lililoongozwa na Urusi. Nawaomba tusilitazame jambo hili kwa jicho la Wafini peke yao, kwa sababu aliyeketi Kremlin, makao ya watawala huko Moscow, alikuwa na kumbukumbu zake. Mwaka 1918 wanajeshi wa Ujerumani waliteremka Ufini wakausaidia upande mmoja katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1919 boti ndogo za kivita za Uingereza ziliitumia pwani hiyo hiyo kuzivizia meli za Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika utawala wa Urusi, katika bandari ya Kronstadt. Hofu ya Moscow, kwa hiyo, haikuwa ya kubuni. Lililo la kujadiliwa ni dawa iliyochaguliwa.

Tarehe 23 Agosti 1939, Ujerumani na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kutoshambuliana, na katika nyongeza yake ya siri Ufini iliwekwa katika fungu la Moscow bila Wafini wenyewe kuulizwa. Wiki chache baadaye Estonia, Latvia na Lithuania ziliitwa moja baada ya nyingine, zikakubali kambi za kijeshi za Kisovieti katika ardhi yao. Mwezi Oktoba ikafika zamu ya Ufini. Mjumbe wake mkuu alikuwa Juho Kusti Paasikivi, mzee aliyekijua Kirusi na aliyekuwa raia wa milki ya Urusi kabla Ufini haijapata uhuru mwaka 1917. Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alimweleza kwamba, maadamu Leningrad haiwezi kuhamishwa, mpaka ndio utakaopaswa kuhama.

Alitaka mpaka wa Karelia urudishwe nyuma, alitaka visiwa kadhaa vya Ghuba ya Ufini, sehemu ya rasi iliyo kaskazini ya mbali, na rasi ya Hanko ikodishwe kwa miaka 30 iwe kituo cha kijeshi. Badala yake aliahidi eneo la kilomita za mraba zaidi ya 5,500 upande wa mashariki, ambalo ni kama mara mbili ya lile alilolitaka. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni biashara nzuri, na wapo hadi leo wanaoshangaa ilikataliwaje. Lakini ardhi haipimwi kwa ukubwa peke yake. Kipande kilichotakiwa Karelia kilikuwa na sehemu ya mahandaki na ngome za ulinzi wa nchi, na Hanko ingeweka jeshi la kigeni kwenye lango la ghuba inayouhudumia mji mkuu. Mtu akikupa shamba kubwa porini ili umwachie mlango wa nyumba yako, hamjabadilishana mali na mali.

Wafini wenyewe hawakuwa na kauli moja. Paasikivi alitaka waridhie sehemu ya madai hayo, na Jemadari Mannerheim, aliyelifahamu jeshi lake na upungufu wake wa mizinga na risasi, alikuwa na maoni hayo hayo. Waziri wa mambo ya nje, Eljas Erkko, aliamini kwamba Moscow inatisha tu na haitapigana. Katikati ya Novemba wajumbe walirudi nyumbani mikono mitupu.

Je, Erkko alikosea? Alikosea kuhusu vita, hilo halina ubishi. Hata hivyo, wanaosema kwamba kuridhia kungeiokoa Ufini wana deni la kutueleza habari ya majirani watatu wa kusini. Wao waliridhia, na mwezi Juni 1940 majeshi ya Kisovieti yaliingia kwa wingi, na kufikia Agosti nchi zote tatu zilikuwa zimemezwa, zikabaki hivyo hadi mwaka 1991. Kambi zilizoombwa kwa ajili ya ulinzi ndizo zilizokuwa mguu wa kwanza ndani ya nyumba. Kwa upande mwingine, Ufini iliyokataa ilipigana na ikapoteza ardhi nyingi kuliko ile iliyokuwa imeombwa mezani. Mimi binafsi naelemea upande wa waliokataa, ila naelemea nikijua kwamba gharama yake haikulipwa na mawaziri.

Tarehe 26 Novemba 1939, Moscow ilidai kwamba mizinga ya Wafini imekipiga kijiji cha mpakani cha Mainila na kuwaua askari wake. Mizinga ya Wafini ilikuwa imeondolewa mapema na kuwekwa mbali isiweze hata kukifikia kijiji hicho, na wanahistoria kwa jumla wanakubaliana kwamba shambulio lilipangwa na Wasovieti wenyewe ili kupata kisingizio. Mkataba wa kutoshambuliana uliokuwapo kati ya Ufini na Moscow tangu mwaka 1932 ukavunjwa, na asubuhi ya tarehe 30 Novemba Helsinki ikapigwa mabomu bila vita kutangazwa. Nchi ya watu wapatao milioni 3.7 ilikuwa imevamiwa na dola la watu wapatao milioni 170.

Siku iliyofuata ilitendeka jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kifaru chochote kilichovuka mpaka. Katika mji mdogo wa Terijoki, Moscow ilitangaza serikali mpya ya Ufini chini ya Otto Wille Kuusinen, mkomunisti Mfini aliyekuwa akiishi uhamishoni, ikidai kwamba hiyo ndiyo serikali halali na kwamba kwa hiyo hakuna vita yoyote. Walitegemea wafanyakazi wa Ufini wangeipokea, kwani ni miaka 21 tu iliyokuwa imepita tangu wafanyakazi hao washindwe katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wengi wao wakifa kwa njaa na maradhi katika kambi za wafungwa. Kidonda kilikuwapo kweli. Ila matarajio ya kuusahaulisha umma madai ya ardhi kwa kuuletea serikali kutoka nje yaliwaunganisha hata wale ambao hawakuwa wakisalimiana, kwa sababu sasa kila mtu aliona kwamba kinachotakiwa si kilomita kadhaa za Karelia bali nchi nzima. Na Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa na ambacho kwa kawaida hakikuwa na haraka, kiliufukuza uanachama Umoja wa Kisovieti tarehe 14 Desemba.

Naomba radhi kwa kuchepuka kidogo. Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, alidai kwamba ndege zake zinawadondoshea Wafini chakula, si mabomu. Wafini wakayabatiza mabomu hayo jina la vikapu vya mkate vya Molotov, na chupa za petroli walizozirushia vifaru wakaziita kokteli ya Molotov, kinywaji cha kuteremshia mkate huo. Jina hilo limezunguka dunia, na wengi wanaolitumia hawajui kwamba asili yake ni kejeli ya watu waliokuwa wakipigwa mabomu.

Sitakaa sana kwenye medani. Katika misitu ya mashariki, kwenye baridi iliyofika nyuzi 40 chini ya sifuri, misafara mirefu ya Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, ilibanwa kwenye barabara moja moja, kama ile ya Raate karibu na Suomussalmi, ikakatwa vipande na vikosi vidogo vilivyotembea kwa skii. Lakini Karelia ndiko mambo yalikoamuliwa. Mwezi Februari 1940 Timoshenko, kamanda wa Kisovieti, alirundika mizinga na watu kiasi ambacho hakuna ushujaa ungeweza kukizuia, na tarehe 12 Machi amani ilitiwa saini Moscow. Vita ilikuwa imedumu siku 105. Ufini ilitoa takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi yake pamoja na mji wa Viipuri, na zaidi ya watu 400,000 walifungasha wakahamia upande uliobaki. Wafini waliokufa walikuwa kama 25,000. Hesabu zilizotolewa na Warusi baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika zinataja zaidi ya maiti 120,000 upande wao.

Basi mpaka ulihama, kama Stalin alivyosema utahama. Leningrad ikawa salama? Mwezi Juni 1941 Ujerumani ilishambulia, na Ufini, ambayo mwaka 1939 ilitaka kuachwa nje ya ugomvi wa wakubwa, iliingia vitani sambamba na Ujerumani ili kurudisha ilichonyang'anywa, kisha ikaenda mbali zaidi ya hapo huko Karelia ya Mashariki, jambo ambalo hakuna Mfini mkweli anayeweza kulisafisha. Wajerumani waliukaribia mji kutoka upande wa kusini, wakipitia ardhi ya zile nchi za Baltiki zilizomezwa kwa jina la usalama, nao Wafini walisimama kaskazini, karibu na mpaka wa zamani. Mzingiro huo ulidumu siku 872 na kuua mamia ya maelfu ya raia, wengi kwa njaa. Sisemi kwamba bila madai ya mwaka 1939 Hitler asingeushambulia mji. Nasema kwamba upande wa kaskazini, uliotakiwa kulindwa kwa kuhamishwa mpaka, ulifungwa na jirani ambaye uhamishaji huo ndio uliomgeuza adui.

Mwezi Septemba 1944 Ufini ilisitisha vita. Ililipishwa fidia ya dola milioni 300 kwa bidhaa, ikamaliza kulipa mwaka 1952, na iliikodishia Moscow rasi ya Porkkala iwe kituo cha kijeshi, iliyo takriban kilomita 30 kutoka Helsinki. Linganisheni na zile kilomita 32 za mwanzo: sasa mji mkuu wa mdogo ndio uliokuwa chini ya mizinga ya mkubwa. Treni za Ufini zilizoruhusiwa kupita Porkkala zilifunikwa madirisha ili abiria wasione kitu, na watu waliiita njia hiyo handaki refu kuliko yote duniani. Rasi ilirudishwa mwanzoni mwa mwaka 1956.

Kipindi kilichofuata ndicho kilichozaa ule msemo wa dharau kwamba nchi fulani "imefinishwa", yaani imebaki na bendera yake huku ikichunga kila neno isimuudhi jirani. Paasikivi akiwa rais, na baada yake Urho Kekkonen aliyetawala hadi mwaka 1982, waliikataa misaada ya Marekani ya mpango wa Marshall, wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita, wakatia saini mkataba wa urafiki na Moscow mwaka 1948, na magazeti yakajifunza kujikagua yenyewe. Dharau hiyo ina haki kiasi. Wanaoitoa, hata hivyo, hawasemi kwamba nyuma ya adabu hiyo kila kijana wa kiume aliendelea kuitwa jeshini na mahandaki ya kujihifadhi yakachimbwa chini ya majengo, hata leo yanatosha watu wapatao milioni 4.8 kati ya milioni 5.6. Ulimi ulikuwa laini kwa sababu bei ya mwaka 1940 ilikuwa bado inakumbukwa pande zote mbili.

Utaratibu huo ulipita miaka mingi baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Hata mwaka 2021 Wafini waliotaka kuingia NATO, jumuiya ya kijeshi ya nchi za Magharibi, walikuwa wachache. Kisha tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, baada ya kudai kwa maandishi kwamba jumuiya hiyo isipanuke tena, na katika miezi mitatu maoni yakageuka, bunge la Helsinki likaunga mkono maombi kwa kura 188 dhidi ya 8. Tarehe 4 Aprili 2023 Ufini ikawa mwanachama, na mpaka wa nchi kavu kati ya Urusi na NATO ukazidi mara mbili kwa siku moja.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Ufini ilifunga vituo vyake vyote vya barabara kwenye mpaka huo, na uzio wa takriban kilomita 200 ulikuwa ukijengwa katika sehemu zilizochaguliwa. Upande wa pili, mwezi Februari 2024, Urusi ilitangaza kuirudisha Wilaya ya Kijeshi ya Leningrad. Mji wenyewe uliacha kuitwa Leningrad tangu mwaka 1991.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali yenu.