Milimita 17 za zebaki: deni letu la utafiti wa shingo ya juu

Wenzangu wa kazi, na ninyi wagonjwa na ndugu wa wagonjwa mliokuja kutusikiliza, asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikisema haya zaidi ya mara moja. Leo nayarudia kwa sababu mfuko wa utafiti uko pale pale tulipouacha, na mimi sijaona sababu ya kubadilisha hotuba kabla ya mfuko kubadilika.

Sitaeleza kwa kirefu habari za atlasi, ile pingili ya kwanza ya shingo inayobeba fuvu, wala kwa nini sisi wa kiropraktiki, tunaotibu uti wa mgongo kwa mikono, tunaishughulikia. Hayo mnayajua. Nataka tuzungumzie namba moja, namba 17.

Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio dogo lililofanyika Chicago, katika jarida la Journal of Human Hypertension. Aliyeliongoza, George Bakris, ni bingwa wa shinikizo la damu, wala hakuwa mtu wa kiropraktiki. Habari ilianza kwa daktari wa familia aliyeona presha ikishuka kwa mgonjwa aliyekuwa ametibiwa shingo. Hakutangaza muujiza. Alikwenda kumuuliza mtu anayeijua presha kuliko yeye. Wakatafuta watu 50 wenye presha ya daraja la kwanza, ambao picha za eksirei zilionyesha kwamba atlasi haijakaa sawa. Wakawagawa kwa kura makundi mawili. Kundi moja lilirekebishwa kwa njia yetu ya NUCCA, ya kuirudisha atlasi mahali pake kwa mgandamizo mwepesi wa mkono, jingine lilipata tiba bandia, yaani ya kuigiza. Dawa za presha ziliwekwa kando kwa kipindi hicho. Baada ya wiki 8, namba ya juu ya kipimo cha presha katika kundi la tiba ilikuwa imeshuka kwa wastani wa milimita 17 za zebaki, na katika kundi la tiba bandia ilishuka 3. Namba ya chini ya kipimo ilishuka 10 kwa kundi la tiba na 2 kwa kundi la tiba bandia.

Ile 17 mnaijua. Nani humu hajaiona kwenye kipeperushi? Nani hajawahi kuitaja mbele ya mgonjwa? Mimi nimeitaja mara nyingi sana. Lakini ile 3 hatuitaji, na mimi nasema hiyo 3 ndiyo yenye thamani kubwa zaidi katika jaribio lote. Nipeni nafasi nieleze, maana hapa ndipo pesa zinapokwenda, na hapa ndipo watu hunikatiza wakisema, "Lakini daktari, sisi matokeo tunayaona kwa macho."

Ndiyo, mnayaona. Hata mimi nayaona. Sasa fikirini mgonjwa wa presha anakuja kwetu siku gani. Anakuja siku aliyopimwa ikaonekana imepanda. Presha haitulii mahali pamoja. Hupanda na kushuka kwa usingizi, kwa hofu, kwa kupanda ngazi, kwa kumwona tu mtu aliyevaa koti jeupe. Ukimshika mtu siku yake ya juu kisha ukampima tena baada ya wiki mbili, mara nyingi utakuta imeshuka hata kama hukumgusa. Ongeza kwamba amelazwa mahali patulivu, amesikilizwa kwa nusu saa, na anatamani sana kupona. Hayo yote hushusha namba. Kundi la tiba bandia ndilo linalotupimia hayo yote kwa pamoja, na pale Chicago lilitujibu 3. Bila ile 3, hii 17 isingekuwa na maana yoyote, kwa sababu usingejua ni kiasi gani kati yake kimetoka kwenye mikono ya mtibabu na ni kiasi gani kingeshuka chenyewe.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Sisi ni wawamba ngoma. Tunapenda kazi hii, tunaishi kwayo, na jicho la apendaye huona anachotaka kukiona. B. J. Palmer, mwana wa mwanzilishi wa kiropraktiki, katika miaka ya 1930 alikuwa na kliniki nzima ya utafiti pale Davenport, Marekani. Alipima, aliandika, alipiga picha, alikusanya kumbukumbu kwa bidii ambayo wachache wetu tunayo. Kilichokosekana ni kundi la kulinganisha. Ndiyo maana kazi yote ile haiwezi leo kumshawishi mtu ambaye hakuwa tayari ameshashawishika.

Na hapa nataka mwone bahati tuliyonayo, bahati ambayo wenzetu wa tiba nyingine za mikono hawana. Ukimkunja mtu mgongo mpaka ukalia, utamfanyia vipi tiba bandia? Atajua. Amesikia mlio, au hajausikia. Lakini marekebisho ya NUCCA ni mgandamizo mwepesi chini ya sikio, mgonjwa akiwa amelala ubavu. Hakuna kuzungusha kichwa wala mlio. Mgonjwa hawezi kwa urahisi kutofautisha ya kweli na ya kuigiza. Tiba yetu inaruhusu jaribio safi kuliko karibu tiba zote za mikono, halafu sisi ndio tumekaa kimya!

Sasa, jaribio la 2007 lilikuwa la awali. Watu 50. Mahali pamoja. Mikono ya mtibabu mmoja, Marshall Dickholtz Sr., mkongwe aliyeifanya kazi hii kwa miongo. Mtu mwenye shaka ana haki ya kuuliza: je, ni tiba, au ni Dickholtz? Je, watu 500 wangetoa jibu lile lile? Je, baada ya mwaka mmoja presha ingebaki chini? Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa kulinukuu jaribio lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Yanapatikana kwa jaribio jingine, lenye vituo kadhaa, watibabu kadhaa, na wapimaji wa presha wasiojua nani amepata nini. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2007 leo ana umri wa kupiga kura. Sisi tuliomo humu tumelilipia nini jaribio hilo la pili? Tumelipia vipeperushi.

Na kuna jambo ambalo baadhi yenu hamtapenda nilitaje. Mwaka 2016 lilichapishwa jaribio jingine la awali, la watu wapatao 50, kuhusu marekebisho ya shingo ya juu na presha. Njia ilikuwa tofauti, ile ya msukumo wa haraka. Halikuona tofauti kati ya tiba na tiba bandia. Mmeliona kwenye kipeperushi gani? Mimi sijaliona popote. Mtu ataniambia njia haikuwa yetu, na kweli haikuwa yetu. Basi tuthibitishe kwamba njia ndiyo iliyoleta tofauti, tusidai tu. Anayebeba jaribio moja na kuliacha jingine njiani hawezi kusema anafuata sayansi.

Kipandauso ni vivyo hivyo. Mwaka 2015 kikundi kilichofanya kazi Calgary, Kanada, kilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 11 wa kipandauso. Siku za maumivu zilipungua, na ubora wa maisha ulipanda. Lakini kipimo kikuu walichokitegemea, cha jinsi fuvu na ubongo vinavyomudu mabadiliko ya shinikizo ndani ya kichwa, hakikuonyesha badiliko la kuaminika. Kundi la kulinganisha halikuwepo. Waliandika hayo yote waziwazi, nami nawaheshimu kwa hilo. Watu 11, ndugu zangu. Kuna mama mmoja niliyemtibu, mtu wa kusoma sana, aliniuliza akiwa bado amekaa kitandani: "Daktari, nimepata nafuu, nashukuru. Dada yangu naye anaumwa hivi hivi. Nimwonyeshe utafiti gani?" Nilianza kujibu, nikaishia kumweleza habari za watu 11. Alikuwa mpole, hakusema kitu. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namfikiria dada yake.

Kwa nini hakuna anayelipa? Hili nalo nalijibu kila mwaka. Kampuni ya dawa inalipia majaribio makubwa kwa sababu ina hataza: ikithibitika dawa inafanya kazi, kwa miaka kadhaa ni yeye peke yake anayeiuza. Nani ana hataza ya kusogeza atlasi? Hakuna, wala hawezi kuwepo. Hakuna mwekezaji atakayerudishiwa fedha zake na mkono wa mtu. Kwa hiyo acheni kuniambia kwamba kampuni za dawa zinatuzuia. Hazihitaji kutuzuia. Zinafanya biashara yao, na biashara yao haina sababu ya kutugharamia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Serikali je? Serikali hutoa ruzuku, lakini huwapa wenye matokeo ya awali, wenye mtakwimu, wenye chuo kikuu nyuma yao. Mwaka 1975, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani iliitisha mkutano mzima pale Bethesda kuuliza utafiti wa tiba ya mikono kwenye uti wa mgongo umefika wapi. Jibu likawa kwamba ushahidi hautoshi kuthibitisha wala kukanusha. Mlango ulikuwa wazi. Anayeingia mlango huo lazima aje na kitu mkononi, na kitu hicho hununuliwa kwa fedha za kwanza ambazo hakuna wa kutupa isipokuwa sisi wenyewe.

Msiniambie pia kwamba haiwezekani. Denmark ni nchi ndogo, na wakiropraktiki wake si wengi. Walikubaliana na mfumo wa bima ya afya ya umma kwamba sehemu ndogo ya fedha za matibabu iingie kwenye mfuko wa utafiti. Fedha huingia kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna msemaji hodari wa kuamsha hisia za watu. Leo mji wao wa Odense ni mahali ambapo ulimwengu wote wa tiba ya mgongo hutazama.

Upande wa pili kuna Marekani, yenye wakiropraktiki makumi ya maelfu. Wakfu wa utafiti na elimu wa fani hii, FCER, ulioanza mwaka 1944, ulifilisika mwaka 2009. Miaka 65! Nchi yenye watibabu wengi kuliko zote iliuacha ukafa. Nikikumbuka hilo huwa nakasirika, na sioni aibu kukasirika. Mchango wa kishindo, wa jioni moja, watu wanapiga makofi na kupigwa picha, kisha kimya cha miaka mitatu, hauwezi kuliendesha jaribio. Jaribio linalipa mishahara kila mwezi. Muuguzi anayepima presha hali ahadi. Mgonjwa aliyeingia jaribioni mwezi wa kwanza ana haki ya kupimwa mwezi wa kumi na mbili, na fedha zikikatika mwezi wa sita, yote aliyotupa yanapotea bure. Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo kwa kila mmoja, kila mwezi, bila kukosa. Atakayetoa kingi mara moja tutampokea kwa mikono miwili, ila nitamfuata nimwombe kidogo cha mwezi ujao.

Naona nimeonyeshwa saa. Basi niharakishe, nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu usalama.

Ateri za uti hupita kwenye matundu ya pingili za shingo na kupinda juu ya atlasi kabla ya kuingia kwenye fuvu. Ndiyo maana watu huuliza kuhusu kiharusi, na wana haki ya kuuliza. Uchunguzi wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2008, uliopitia viharusi 818 vya eneo hilo la ubongo, uliona uhusiano na kwenda kwa mkiropraktiki kwa walio chini ya miaka 45, na uhusiano unaofanana na huo kwa waliokwenda kwa daktari wa kawaida. Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda watu walikwenda kutafuta msaada kwa sababu ya maumivu ya mshipa uliokuwa tayari umeanza kuchanika. Hilo halituondolei wajibu. Kila jaribio tutakalolilipia liandike madhara yote, madogo na makubwa, na kamati iliyo nje yetu iwe na mamlaka ya kulisimamisha. Eksirei pia: mionzi ni gharama anayoibeba mgonjwa, na wanaochunguza namna ya kuipunguza wapate fungu lao.

Kuhusu fedha zenyewe, mambo matatu, haraka. Atoaye hatagusa matokeo. Jaribio litasajiliwa hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza, na litachapishwa hata likituambia tulikosea. Kuna aliyeniuliza jana, "Na kama likisema tulikosea?" Basi tutaacha kuwaambia wagonjwa wa presha jambo lisilo kweli. Mimi niko tayari. Pili, hakuna senti ya mfuko huu itakayokwenda kwenye matangazo. Tatu, fedha za kwanza zitamlipa mtakwimu, kabla ya mashine na kabla ya mgonjwa yeyote, kwa sababu yeye ndiye atakayetuambia tunahitaji watu wangapi ili jibu liwe jibu.

Fomu za mchango wa kila mwezi ziko kwenye meza iliyo kando ya mlango. Mtakwimu tunayezungumza naye ameomba tumpe jibu kabla ya mwezi huu kwisha. Naona kuna mikono imeinuliwa kule nyuma. Mama uliyevaa kitambaa cha bluu, anza wewe.