Kabla ya Kuandika "Mawe ya Figo"

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena kwa sababu watu bado wanakufa. Mwanamume aliyevuka miaka 60, mvutaji wa sigara, akija na maumivu ya ghafla ya ubavu wa kushoto yanayoshuka hadi kinenani, msiandike "mawe ya figo" kabla hamjaiona aota yake ya tumboni, ule mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, isije ikawa imetanuka na kupasuka.

Niliwahi kumpokea mzee wa namna hiyo. Asubuhi yake alikuwa ametibiwa kwingine na kurudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Mkojo ulikuwa na damu kidogo, na hiyo ndiyo iliyowapoteza wenzetu, maana aota iliyotanuka nayo yaweza kuleta damu kwenye mkojo. Nikamlaza chali, nikamkunja magoti ili tumbo lilegee, nikaweka vidole vya mikono miwili juu kidogo ya kitovu, huku na huku. Kila pigo la moyo lilivitenganisha vidole vyangu. Angalieni hapo! Uvimbe wowote ulioikalia aota utainuka na kushuka nayo, lakini aota iliyotanuka husukuma vidole kando. Ultrasaundi ikatupa upana wa sentimita 7. Tulimwingiza chumba cha upasuaji akizungumza. Hakutoka hai.

Mtu ataniuliza, mshipa uko tumboni, kiuno kinaumaje? Aota haielei katikati ya utumbo. Hupita kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mbele ya pingili ya 12 ya kifua, ikateremka imeuegemea uti wa mgongo, kushoto kidogo, na kugawanyika mbele ya pingili ya 4 ya kiuno, karibu na usawa wa kitovu. Iko nyuma ya utando wa tumbo. Ikipasukia huko nyuma, damu huzuiwa kwa muda na nyama zinazoizunguka, ndiyo maana mgonjwa huja anatembea, pengine na presha nzuri tu. Muda huo ndio tuliopewa, nasi tunautumia kusubiri majibu ya mkojo!

Wala msiniambie mkono unatosha. Mgonjwa akiwa mnene, hata mkono wangu haupati kitu. Ultrasaundi haina mionzi na huchukua dakika chache. Upana wa kawaida ni kama sentimita 2. Ukifika 3 hiyo ni anurisimu, yaani mshipa uliotanuka, na mara nyingi huanzia chini ya ateri za figo. Kwa mwanamume, ikifika 5.5 tunazungumza upasuaji hata kama hana dalili yoyote. Uingereza huwaalika wanaume kupimwa aota mara moja tu wanapofikisha miaka 65. Einstein alifanyiwa upasuaji wa anurisimu hiyo mwaka 1948. Mwaka 1955 ikapasuka, ikamuua.

Muda umenibana. Kuchanika kwa kuta za aota tutakuacha. Kuziba pale inapogawanyika, shikeni haya tu: makalio huuma akitembea na kutulia akisimama, nguvu za kiume hupungua, na mapigo ya kinenani hufifia au kupotea. Basi papaseni kinena cha kila anayelalamikia miguu.

Mashine iko hapa mbele. Nahitaji mmoja wenu alale kitandani, na mwingine ashike kipimo aanzie chini ya kifua.