Kitunguu saumu, presha na sindano ya nyuma ya jicho

MFAMASIA: Karibu tena, tuko Nairobi. Daktari, leo tuanzie jikoni. Mtu anatafuna punje tatu za kitunguu saumu kila asubuhi ili presha ishuke, na wiki ijayo anatolewa mtoto wa jicho. Aache?

DAKTARI: Nitauliza kwanza anatiwa ganzi gani. Siku hizi mtoto wa jicho hutolewa kwa tundu la milimita 2 au 3 kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na konea haina mishipa ya damu. Kwa ganzi ya matone, hata damu ikiwa nyepesi haina pa kutokea. Balaa ni sindano ya nyuma ya jicho. Ikitoboa mshipa, damu inajaa kule ndani, jicho linasukumwa mbele na kuwa gumu kama gololi, na neva ya kuonea inakosa damu.

MFAMASIA: Basi saumu?

DAKTARI: Inazuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, zisishikane. Tunaomba iachwe siku 7 kabla, na mtishamba wa ginseng vilevile. Mtishamba wa ginkgo, angalau saa 36. Ile ya kuunga sukuma wiki, kula tu!

MFAMASIA: Mimi hunitisha zaidi unga wa kutuliza maumivu ya viungo vya mwili usio na lebo. Dawa za namna hiyo zimewahi kupimwa zikakutwa na diklofenaki, dawa ya maumivu ya hospitali, au steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe. Mgonjwa anaapa kwamba ni mizizi mitupu, kumbe anameza kitu kinachochelewesha damu kuganda. Asinisimulie, aje na pakiti yenyewe.

DAKTARI: Na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande?

MFAMASIA: Hapo tusikizane: usiiache kwa uamuzi wako, hasa ukiwa na vali ya bandia moyoni. Ukiiacha, damu ikiganda huenda ikakuletea kiharusi. Kinachotakiwa ni kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, karibu na siku ya upasuaji, kiwe ndani ya kiwango chako. Kwa wengi ni 2 hadi 3. Saumu ya vidonge juu ya warfarini inaweza kukutoa nje ya kiwango hicho.

DAKTARI: Nami sitatumia sindano kali, nitapitisha ganzi kwa kamrija butu chini ya utando wa jicho. Ila upasuaji wa kope au wa glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya kuonea, ni habari nyingine, huko tunakata penye mishipa.

MFAMASIA: Na mgonjwa asiyetumia mitishamba yoyote?

DAKTARI: Naye ana hatari zake: umri mkubwa, glakoma, jicho refu la mtu asiyeona mbali, presha. Ikizidi 180 kwa 110, wengi tunaahirisha. Jicho likiwa wazi, kikohozi kimoja kinaweza kupasua mshipa nyuma ya retina, ule utando wa ndani unaopokea mwanga, na damu ikasukuma vilivyomo vitoke nje. Kwa hiyo kikohozi kitibiwe kwanza, na uende haja ndogo kabla ya kulazwa mezani.

MFAMASIA: Miraa ya usiku wa kuamkia upasuaji?

DAKTARI: Inapandisha presha na mapigo ya moyo. Ukija bado unatafuna, nitakurudisha nyumbani.