Aliyeunguza Kontroli Boksi Hayumo Ndani ya Boksi

Ndugu zangu mafundi, sogeeni mezani. Boksi hili, yaani kompyuta ya injini, limetoka kwenye Mitsubishi ya miaka ya 1990. Injini inawaka vizuri, ukiachia mafuta inazima. Haishiki sailensa, yaani haitulii ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Lipokezaneni, mlinuse. Hiyo ni harufu ya plastiki iliyoungua. Ingekuwa shombo, ningewaambia mkague kapasita kwanza, maana kwenye magari haya huvuja, na maji yake yakala njia za shaba za bodi. Leo si hizo. Tazameni aisi hii, kile kidude cheusi chenye miguu mingi kwenye bodi: ina tundu mgongoni, na bodi chini yake imebabuka.

Mwenye mkono mwepesi hapo hapo anashika lehemu. Hata mimi nilifanya hivyo. Nikabandika aisi mpya, nikawasha, gari likatulia. Nilikuwa nimeshaanza kutaja bei moshi ulipotoka. Aisi ya tatu niliinunua kwa pesa yangu, mteja amesimama pembeni, kimya.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwenye throto, mlango wa hewa ya injini, kuna mota ndogo inayorekebisha hewa ya sailensa. Ina koili nne. Umeme wa volti 12 unaingia kwa pini ya 2 na ya 5, na aisi kazi yake ni kuzipa koili hasi kwa zamu. Chomoa soketi ya mota, upime pini 2 na 1, 2 na 3, kisha 5 na 4, 5 na 6. Mota ikiwa imepoa, kila koili inatakiwa isome omu 28 hadi 33. Gawanya 12 kwa 30: ampea 0.4, aisi haitoki hata jasho. Yangu siku ile ilisoma omu 4. Ampea 3! Kwa fyuzi hizo si kitu, haikatiki. Kinachokatika ni aisi.

Naam, swali zuri: je, ikisoma 30? Usiishie hapo. Ipime tena ikiwa ya moto, kwa sababu zipo koili ambazo zikipoa ni nzima, zikipata joto zinagusana. Halafu fuata waya mpaka kwenye boksi, uone kama hakuna uliochubuka ukagusa bodi ya gari.

Boksi la mtumba? Ukilifunga kwa mota ileile, umenunua moshi mwingine.

Haya, mita hii hapa. Kwenye trei kuna mota tatu, moja mbovu. Nani anaanza?